Majina Saba ya Mama Kasilda

Mwaka 1996, katika utafiti wa uzazi, niliwahoji wanawake mia mbili wa Katumba, makazi yetu ya wakimbizi, na kuna jambo sikuligundua: nilipomuuliza mwanamke anataka watoto wangapi, alitazama kwanza pale alipokaa mama mkwe wake. Mimi niliandika namba tu.

Aliyenizindua ni Odeta, mchumba wangu. Tulikuwa kwenye bani la kwao, banda la kukaushia tumbaku, tukifunga majani kwenye fito. Tangazo letu la ndoa lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani mara mbili.

"Mtaalamu, mimi hujanihoji."

"Wewe si wa nyumbani kwangu?"

"Bado sijaingia. Uliza."

Nikauliza huku nikicheka.

"Watatu," akasema.

"Odeta, Mama alikwisha kutaja saba."

"Na majina akayataja. Ulikuwepo, ukaitikia kwa kichwa."

Kweli niliitikia. Mama yangu, Kasilda, alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa amenibeba mgongoni. Ndugu zake saba hawakuvuka, naye hakuzaa tena. Majina yao yote yalikuwa yakimsubiri mke wangu.

"Nitazaa watoto, Venant. Sitazaa marehemu."

"Nimwambieje Mama?"

"Mwenye mama ni wewe."

Jumatano kaka yake Fabrice akaniletea barua: "Usipozungumza naye kabla ya Jumapili, nitamwomba padri asisome tangazo la tatu. Nakupenda, ndiyo maana nakuandikia mapema."

Nilimkuta Mama akipukuchua mahindi. Nikatoa fomu yangu.

"Mama, nataka kukuhoji."

"Nihojiwe nini na uzee huu?"

"Ulipoolewa, ulitaka watoto wangapi?"

Mama akageuka, akatazama kigoda kilichokuwa mlangoni. Bibi, mama mkwe wake, ndiye aliyekuwa akikikalia, naye alikuwa amefariki miaka kumi kabla. Hapo ndipo nilipoona.

"Wanne," akasema kwa sauti ya chini. "Bibi yako alisema kumi."

"Odeta anataka watatu."

Akapukuchua hindi zima.

"Watatu. Wale wanne wengine nani atawataja?"

"Unaogopa watasahaulika?"

"Mwanangu, mimi nikifa, nani atajua kwamba Ubaldo aliwahi kuishi?"

Akainuka, akajifunga kitenge.

"Nipeleke kwa padri. Na hiyo kalamu yako uje nayo."

Jumapili padri alisoma tangazo letu la tatu. Kisha, katika kuwaombea marehemu, akasoma majina saba, moja baada ya jingine, na kanisa zima likaitikia. Odeta alitoka upande wa waimbaji, akaenda kusimama karibu na Mama.

"Huyo Ubaldo alikuwaje?" akamnong'oneza.

"Mtundu. Alifanana na huyu wako."

Tulifunga ndoa. Tuna watoto watatu. Wa pili anaitwa Ubaldo, na jina hilo lilichaguliwa na Odeta. Nami niliwarudia wale wanawake mia mbili, nikawahoji wakiwa peke yao shambani. Mia moja na kumi na wanne walitoa jibu jingine.