Anaclet Anauliza Nani Yuko Angani

Jioni ile tulikuwa tunarudi kutoka Kamituga. Tulikuwa tumepeleka chumvi na sabuni, na sasa tulibeba wagonjwa sita wa kwenda hospitali Bukavu. Ilikuwa safari ya tano tangu asubuhi. Mwaka huo, 2000, vita vilikuwa vimefunga barabara, na watu walitegemea vindege kama chetu.

Commandant Lucien ndiye aliyeendesha. Mimi, msaidizi wake, nilikaa kiti cha kuume. Tulikuwa tumechoka mpaka macho yaliuma.

Kiwanja tulichokuwa tunakwenda kutua hakikuwa na mtu wa kuongoza ndege. Mnara ulikuwa mtupu. Basi sisi marubani tulielekezana wenyewe: kila anayekaribia anasema redioni yeye ni nani, yuko wapi, yuko futi ngapi. Wengine wanasikia, wanampisha. Ukinyamaza, hakuna anayejua kama upo.

Redio ikakwaruza.

"Avion iko mbele yangu... uko nani?"

Niliijua sauti ile. Ilikuwa ya Anaclet.

Anaclet, rubani mwenzetu, tulimzika miezi mitatu kabla. Kwenye ukungu, alisikika redioni akipiga kelele kwamba kuna avion, ndege nyingine, mbele yake. Alipinda kuikwepa, akagonga mlima. Watu hawakujua kamwe ndege ile nyingine ilikuwa ipi.

"Commandant... unasikia?"

"Sisikie kitu," Lucien akanong'ona. Lakini alipunguza sauti ya redio.

Harufu ya mafuta yaliyoungua ikaingia. Nyuma, mama mmoja mgonjwa akaanza Salamu Maria.

"Niko futi elfu saba. Ninashuka... Uko nani?"

Nikatazama kipimo chetu.

Futi elfu saba.

"Commandant, umujibu!"

"Hapana. Tukimujibu, atatujua."

Hapo nikasikia mngurumo. Si wa injini yetu. Ulitoka nyuma, ukakaribia, ukakaribia zaidi... Nje kulikuwa na wingu tu. Sala ya yule mama ikakatika.

Nikanyakua mikro ya redio. Nikataja namba ya ndege yetu, urefu wetu, na kwamba tunapinda kuume.

Redio ikakwaruza tena.

"Merci," sauti ikasema. "Nimekuona. Ninapinda kushoto."

Ndege ikatikisika mpaka wagonjwa wakalia. Kando ya bawa, wingu likapasuka mstari mrefu, kitu kikapita ndani yake. Sikuona kitu chenyewe. Mngurumo ukafifia.

Tukatua. Wagonjwa wakateremshwa, wote wazima. Lucien hakutoka kwenye kiti.

"Ndege ya siku ile, Anaclet alipokufa, ilikuwa sisi," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Sikutangaza kitu."

Nilijua. Siku ile pia nilikuwa kiti cha kuume. Mikro ilikuwa magotini kwangu, na mimi nilikuwa nimelala, mpaka kelele za Anaclet ziliponiamsha.

Jioni hiyohiyo tulikwenda mjini kwa Godelive, mjane wa Anaclet. Alitufungulia akiwa bado na nguo za matanga. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Lucien akapiga magoti, akamwambia yote.

Godelive hakulia.

"Wewe, papa Lucien, anakujua," akasema taratibu. "Alijua ndege yako. Kila jioni anakuya hapa dirishani. Ananiulizaka jambo moja tu. Ule wa kiti cha kuume alikuwa nani? Namujibu siyue. Anauliza tena. Mpaka asubuhi."

Kisha akanigeukia.

"Jina yako nani, papa?"

Lucien akanishika mkono kwa nguvu, akatikisa kichwa. Ningeweza kudanganya. Ningeweza kutoka nje. Lakini nilimtazama Godelive, jinsi alivyoegemea ukuta ili asianguke.

"Firmin," nikasema. "Firmin Cirhuza."

Akafungua dirisha. Akalitamka jina langu gizani, lote, polepole. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa chumbani, ikakaa kidogo, ikaondoka.

Godelive akafunga dirisha.

"Aksanti, papa," akasema. "Leo nitalala."