Mama wa Nafasi Mbili

Alhamisi, tarehe 13 Juni 2019, saa tisa kasoro dakika kumi mchana, Yassin aliusukuma mlango wa banda la gemu nyuma ya soko la Kilwa Masoko, akaita mara mbili, asiitikiwe. Feni ilikuwa inazunguka. Jafari Ahmadi, mwenye banda, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, kisogo kimepasuka. Ubavuni kwake ilikuwapo stabilaiza ya umeme, ile ya chuma, ina damu. Yassin hakugusa kitu. Alikaa kizingitini akalia, kisha akapiga simu polisi.

Sajenti Martina Likwata wa upelelezi alifika saa tisa na dakika ishirini. Ni Mmwera wa Kitomanga, mtu asiye na haraka, na wakubwa wake walikuwa hawaipendi tabia hiyo. Aliandika alichokiona, kimoja baada ya kingine. Kasha la kompyuta lipo mezani, limefunguliwa ubavu, ndani tupu, isipokuwa kibati chembamba chenye matundu kilichobanwa mgongoni mwa kasha. Kadi mbili nene zenye feni zimelazwa juu ya gazeti. Bisibisi iko sakafuni. Hotipoti ya wali na samaki haijafunguliwa. Simu ya marehemu haionekani.

Na lilikuwapo daftari, limeachwa wazi kwenye ukurasa wenye mistari michache ya wino wa bluu:

"Mama si huyu. Niliyemtaka anabeba wote wawili sawasawa. Huyu anamlisha mmoja, wa pili anapewa makombo. Nimedanganywa. Leo nataka ukweli."

Inspekta Klementi, mkuu wake, aliisoma akiwa amesimama, akafunga daftari.

"Hotipoti ya nani?"

"Ya mama yake, afande. Bi Kazija. Muuza vocha wa pale mbele amemwona akiingia saa nane na dakika tano."

"Ana watoto wangapi?"

"Wawili. Marehemu, na binti anaitwa Zakia."

"Basi," alisema Klementi. Hilo neno "basi" limewafunga watu wengi katika nchi hii.

*

Bi Kazija aliletwa kaunta saa kumi na nusu jioni, bado ana kanga ya jikoni. Kituo kilijaa watu, maana mji wa Masoko haujui kukaa mbali na jambo. Martina alimpa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo ulimpelekea Jafari chakula?"

"Nilimpelekea. Kila siku nampelekea. Aliniambia weka hapo mama, kuna mtu namngoja. Nikaweka, nikaondoka. Nyumbani kwangu adhana ya alasiri ilinikuta napepeta mchele."

"Hakumtaja huyo mtu?"

"Hakumtaja. Alikuwa anaandika."

"Anaandika nini?"

"Jafari ana kigugumizi, afande. Tangu mdogo. Akitaka kumkabili mtu kwa jambo zito, anaandika kwanza, anasoma soma mpaka maneno yalainike mdomoni. Hata posa yake aliiandika." Alisema hivyo kwa fahari, masikini, hakujua anajichimbia.

Klementi akamsogezea daftari. Bi Kazija alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kilipofika mwisho kilibaki palepale.

"Amejua," alisema.

"Amejua nini?" Klementi aliuliza.

"Kwamba sikumzaa."

Mumewe, Mzee Ahmadi, alikuwa mlangoni. Alisema, "Kazija, nyamaza," lakini mwanamke alikuwa keshaachia.

"Aliyemzaa ni mdogo wangu, Batuli, kule Kiswere. Alikufa wakati wa kumzaa. Siku ya saba nikaletewa mtoto, na maneno ya watu yalipotulia nikaolewa na baba yake, tukahamia huku ili asipatikane mtu wa kumwambia. Zakia ndiye wa tumbo langu. Lakini makombo mimi sijampa. Wallahi sijampa makombo." Akaanza kulia. "Nani kamwambia? Nani kamwambia mwanangu?"

Klementi aliandika neno moja, *sababu*, akalipigia mstari. Mama wa kambo ameumbuliwa na mtoto wa kumlea, wamegombana, amemponda. Akaamuru awekwe mahabusu. Watu wakatoka wakilibeba neno hilo kila mmoja kwao, na kabla ya magharibi hapakuwa na nyumba Masoko isiyojua kwamba Jafari hakuwa mwana wa Kazija.

Mle mahabusu mwanamke hakuomba wakili wala maji. Alimwambia Martina, "Kesho wanamzika baada ya swala ya Ijumaa. Naomba nimwone uso kabla hawajamfunika. Kisha mnifanye mtakavyo."

Martina hakumwahidi.

*

Kabla ya jua kuzama alipitia duka la fundi Abdurahmani, muuza simu na vifaa vya kompyuta, kwa kuwa marehemu alinunua vifaa vyake hapo. Fundi alikuwa mtu wa miaka arobaini, msafi, mpole, kalamu sikioni.

"Mara ya mwisho ulimwona lini Jafari?"

"Jumatatu, afande. Alichukua mzigo wake hapa, akalipa, tukaagana. Bandani kwake sijakanyaga mwezi mzima."

"Na leo saa nane?"

"Nilikuwa hapahapa. Peke yangu."

Mteja mmoja alichungulia mlangoni. "Fundi, yule mama wangu amepona?"

"Bado. Yupo ndani. Njoo kesho."

Mteja akaenda zake. Martina aliandika kwamba fundi ana mgonjwa nyumbani, akaona haya kumweka sana. Alimwonyesha picha ya ule ukurasa wa daftari. Abdurahmani aliisoma, akairudia, akatikisa kichwa.

"Maskini. Ni yule mama yake. Anampenda Zakia tu. Kijana alinilalamikia hapa mara nyingi."

"Alikulalamikia yeye mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

Martina akashukuru, akaondoka. Ushahidi dhidi ya Bi Kazija ulikuwa unaongezeka, naye hakuufurahia hata kidogo. Mwanamke aliyeua haulizi nani kamwambia mwanawe. Anauliza nani kamwona.

*

Ijumaa, saa tatu asubuhi, alimwita Yassin bandani. Yassin alikuwa mshindani wa Jafari kwenye gemu, wakigombana kila jioni na kula sahani moja kila usiku. Klementi alikuwa bado anamtolea macho, kwa sababu ndiye aliyeikuta maiti. Macho ya kijana yalikuwa yamevimba.

"Nieleze kama mjinga," Martina alimwambia. "Alikuwa anatengeneza nini?"

"Kompyuta ya gemu, afande. Ya kuweka hapa, watu wa Masoko waache kwenda Lindi. Kadi moja mpya ya nguvu, ile inayochora picha za gemu, hatuiwezi, hata tukichanga wote. Akapata hizi mbili za zamani. Kadi mbili, zikifungwa pamoja, zinavuta kama moja kubwa. Ila lazima ziwe na pa kukaa. Hapo ndipo alipohangaika. Wiki tatu anasoma tu, anachagua. Usiku ananipigia simu, eti Yassin, hii bei ndogo lakini haifai, ile inafaa lakini bei ndefu."

"Na sasa hapa kwenye kasha unaona nini?"

Yassin aliinama, akatazama ndani, akainuka amekunja uso.

"Mama hayupo."

"Mama yake yupo mahabusu."

"Siyo mama huyo, afande. Mama. Mazabodi. Ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa humo. Sisi tunamwita mama. Mafundi wote wanamwita mama. Alikuwa keshamfunga, Jumatano usiku nilimwona kwa macho yangu."

Martina alikaa juu ya kiti cha plastiki. Akatoa simu yake, akampa Yassin ile picha ya daftari, asimwambie neno. Kijana alisoma mara moja tu.

"Kumbe alikuwa keshagundua," alisema. "Kapigwa. Kauziwa mama siye. Aliyemchagua ana nafasi mbili za kadi, na zote mbili zinapata njia sawa. Wapo wengine wa bei rahisi, ukiwatazama wana nafasi mbili, ndefu vilevile, lakini ya kwanza inakula yote na ya pili inapewa makombo. Kadi ya pili inakaa pale kama pambo. Wale wanaobandikwa lebo ya mama mzuri na kutiwa kwenye boksi la mama mzuri, huwezi kujua mpaka umwashe."

"'Wote wawili' ni nani?"

"Kadi, afande. Ni hizi hapa."

Martina alitazama saa yake. Saa tatu na dakika hamsini. Akachomoa kile kibati chenye matundu kilichobaki mgongoni mwa kasha. "Na hiki?"

"Hicho kinakuja na mama wake. Matundu yake ni ya milango ya nyuma, ya waya za skrini, za kipanya. Kila mama na kibati chake, cha huyu hakimwingii yule. Aliyemng'oa alikuwa na haraka, ama alitetemeka. Kakisahau."

*

Saa tano kasoro robo waliingia dukani kwa Abdurahmani: Martina, Klementi akinung'unika, na Yassin nyuma yao. Fundi alikuwa anavaa kanzu kwa ajili ya Ijumaa.

"Fundi," Martina alisema, "yule mama wa mteja wa jana, amepona?"

Abdurahmani aliacha kufunga kifungo.

"Anaumwa nini?"

"Ni... kifaa, afande. Ni lugha yetu ya kazi."

"Lugha yenu ya kazi. Huyu Yassin si fundi, anacheza gemu tu. Nimempa karatasi ya Jafari asubuhi hii, ameisoma mara moja akajua mama ni mazabodi. Wewe unawauza, unawatibu, wateja wanakuulizia hali zao mlangoni. Umeisoma mara mbili, na dakika ileile mteja ametoka kumtaja mama mwingine. Ukaniambia habari za Bi Kazija."

"Sikufikiria."

"Ulifikiria sana. Ulimtupia mzigo mwanamke aliyefiwa."

Klementi alikuwa ameacha kunung'unika. Martina akamwambia Yassin ateremshe maboksi ya rafu ya juu. Yalikuwa saba. Yassin alifungua moja moja, akitoa ubao, akiuegemeza kwenye kile kibati. Wa kwanza haukuingia, wa pili haukuingia. Wa tano milango yake ilipenya matundu yote pasipo kulazimishwa. Boksi lake lilikuwa limebandikwa karatasi safi ya nailoni, kama jipya, na lebo ya ubao ilikuwa imekunjamana pembeni. Yassin akaivuta kwa ukucha. Chini yake palikuwa na jina lingine.

"Umemrudisha rafuni," Martina alisema. "Umeua mtu, ukamchukua mama, ukamrudisha rafuni umuuze tena."

Abdurahmani alitazama mlango. Mlangoni alisimama Klementi. Fundi akakaa juu ya ndoo ya rangi na kanzu yake nyeupe.

"Alinipigia niende. Nilimwambia nitambadilishia," alisema kwa sauti ndogo. "Akasema hataki kubadilishiwa. Anasema anakwenda shuleni, kule nilikofunga chumba kizima cha kompyuta, awaambie wafungue zote waangalie lebo. Pale ndipo jina langu lilipo, afande. Watoto wa mji huu wote wananiita mwalimu. Alikuwa anasoma kwenye daftari, anakwama, anaanza upya. Nikamwiga. Nilimwiga kigugumizi chake, nimkate maneno. Akaliweka daftari mezani, akanitazama, akasema mwizi. Hilo moja hakukwama. Akageuka kuchukua bisibisi."

"Na wewe ukachukua stabilaiza."

Abdurahmani alielekeza kidole kwenye droo. Simu ya Jafari ilitolewa chini ya droo, imezimwa. Yassin alikwenda nje akakaa kizingitini.

*

Saa sita na dakika kumi Martina mwenyewe alifungua mlango wa mahabusu. Alimweleza Bi Kazija polepole, kwa maneno ya Yassin: ubao, nafasi mbili, kadi. Ilibidi arudie.

"Kwa hiyo hakujua," mwanamke alisema.

"Hakujua, mama. Kwake wewe ulikuwa mama yake mpaka mwisho."

Bi Kazija alijifunga kanga. "Basi nimeuambia mji mzima. Yeye peke yake ndiye hakuambiwa."

Martina alitamani mama huyo amtukane. Alimpeleka nyumbani kwa gari la polisi. Jeneza lilikuwa ndani, vijana wakingoja kulipeleka msikitini. Wanawake walipisha njia, wengine wakiangalia chini, maana jana walisema mengi. Akafunuliwa uso. Alimtazama muda mrefu, akamlainisha nyusi kwa dole gumba, akasema, "Mfunikeni."

Ndipo Mwalimu Fakihi, imamu, alipobisha kwenye pazia. Martina hakujua anataka nini, akasogea kumsikiliza. Mwalimu alieleza kwa aibu. Wakimaliza kuzika atasoma talkini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, na katika talkini maiti huitwa kwa jina la mama yake. Siku zote angesema bin Kazija bila kuuliza. Lakini baada ya yale ya kaunta, anaona ni wajibu aulize.

Mzee Ahmadi, nyuma ya Mwalimu, alisema, "Mwite bin Kazija. Nani atakubishia?"

"Hapana," Bi Kazija alisema kutoka ndani. "Mwite bin Batuli."

"Kazija."

"Mimi ameniita mama miaka ishirini na mitatu. Mdogo wangu hajaitwa hata siku moja."

Mwalimu Fakihi aliitikia kwa kichwa, na wanaume wakainua jeneza.