Alichemsha Mayai ya Ndege Wangu

Nilifungua mlango nikamkuta mume wangu amesimama jikoni... anachemsha watoto wangu!

Mmesoma vizuri. Watoto wangu.

Sufuria ndogo ya uji ilikuwa juu ya gesi, maji yanatokota, na ndani yake mayai ya ndege wangu yanazunguka kama maharagwe. Dishon aliponiona, kijiko kilimponyoka.

"Ayuma... mbona umerudi mapema?"

"Unafanya nini na mayai yangu?"

"Ngoja kwanza nikuelezee."

"Zima hiyo gesi! Zima!"

Alizima. Lakini yai likishachemka limechemka, hata mume apige magoti.

Ndugu zangu, kabla hamjaanza kutukana kwa comments, wacha niwarudishe nyuma kidogo.

Tunaishi Makongeni. Mwaka jana nilipoteza mimba ya miezi saba. Nilitoka hospitali mikono mitupu nikapata nyumba imefagiwa... soksi za mtoto, shuka ndogo, beseni jipya, vyote vimepotea! Hakuna aliyetaja. Majirani walinisalimia kama mtu aliyetoka safari tu.

Nikanyamaza. Nilienda kazini duka la nafaka, nikapima maharagwe ya watu, nikarudi, nikapika, nikalala.

Dishon ni fundi wa kuchomelea milango. Siku moja akaja na kizimba alichounda mwenyewe, na ndani ndege wawili weupe, wadogo, midomo kama pilipili iliyoiva.

"Ni finchi. Dume na jike," akasema. "Bulle wa Ziwani, aliyeniuzia, ameapa."

Finchi ni jamii ya chiriku, kwa hivyo kelele hazikuisha ndani ya nyumba. Nilizipenda hizo kelele. Nikawanunulia uwele, nikawasagia maganda ya mayai ya kuku ili wapate nguvu ya kutaga.

Na wakataga! Wenye kufuga watawaambia finchi hutaga mayai matano hivi, akijitahidi sana saba. Wangu walitaga mpaka kiota kikafurika. Kumi na moja! Meupe, madogo, kila moja kama punje ya njugu. Na wote wawili waliyakalia pamoja, bega kwa bega, hakuna aliyetaka kuondoka.

"Aki Ayuma, mayai yote hayo?" jirani yangu Jecinta alishangaa. "Hiyo ni baraka!"

Jecinta mwenyewe ni chiriku. Kufikia jioni ploti nzima ilikuwa na habari.

Sikutaka mengi. Nilitaka kifaranga kimoja tu. Kitu kimoja kizaliwe ndani ya nyumba yangu, kikiwa hai.

Dishon akasema tumulike mayai na tochi ya simu. Yai lenye uhai huonyesha vishipa vyekundu.

"Hakuna kumulika!"

"Babe, wafugaji wote humulika."

"Nimelelewa Vihiga na nyanya yangu. Kuku akilalia mayai hachunguliwi! Ukichungulia, unayaharibu."

"Hawa si kuku, Ayuma."

"Mimi nimemulikwa tumbo vya kutosha. Wacha mayai yangu!"

Akaacha. Ama nilidhani ameacha.

Sasa rudini na mimi jikoni.

Nilinyakua ile sufuria, nikatoka nje, nikamwaga maji na mayai yote kwenye mtaro. Jecinta alikuwa anaanika nguo, akabaki mdomo wazi.

"Nilikuwa nayarudisha kwa kiota!" Dishon alinifuata akipiga kelele. "Ayuma, nilikuwa nayarudisha!"

"Urudishe mayai ya kuchemsha? Unaniona mjinga?"

"Nisikize tu kidogo..."

"Muuaji!"

Nilifunga nguo zangu kwa shuka, nikaenda kwa dada yangu Elsie, mtaa wa Fedha. Nilimblock Dishon kila mahali. Elsie alinipikia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akatoa hukumu.

"Mwanaume wa kuchemsha mayai ya ndege, kesho atakuchemsha wewe."

Najua wengi wenu mnakubaliana naye. Hata mimi nilikubali.

Wiki zikapita. Siku moja nikiwa kazini, simu ikalia. Jecinta!

"Ayuma, kuja uone! Ndege zako zimetaga tena! Kiota kimejaa!"

Nilicheka. Jamani, nilicheka kwa sauti katikati ya magunia, mpaka wateja wakaniangalia. Mungu alikuwa amenirudishia! Nikaomba ruhusa, nikaenda Makongeni mchana huohuo. Sikuwa naenda kwa Dishon. Nilikuwa nimekuja kubeba kizimba changu.

Nilimkuta ameketi kitandani. Kwenye kiganja chake kulikuwa na ndege mmoja, macho yamefumba, tumbo limevimba.

"Ameenda sasa hivi," akasema. "Yai limemkwama."

"Umemuua na yeye pia!"

Hakunijibu kwa hasira. Alimlaza ndege juu ya mto, polepole, akainama.

"Ayuma, hao wote wawili ni majike."

"Nini?"

"Nilimtumia Bulle picha. Akaangalia poa, akaniambia, 'Buda, pole, niliwachanganya. Hao wote ni madem.' Ndiyo maana mayai yalikuwa mengi hivyo. Mama wawili, kiota kimoja."

"Nilimulika ukiwa kazini," akaendelea. "Yote kumi na moja. Hakukuwa na hata mshipa."

"Na ukayachemsha kwa nini?"

"Mayai yakioza yanapasuka, yanachafua kiota. Na ukiyaondoa ghafla, anataga mengine. Ukiondoa, anataga tena. Anataga mpaka nguvu inaisha, yai linakwama, anakufa. Ukimrudishia yaliyochemshwa, anayakalia tu. Siku moja anajua mwenyewe kwamba hakuna kitu. Anachoka, anainuka."

Niliangalia kiota. Mayai mapya yalijaa, na yule aliyebaki ameyakalia peke yake, amejitandaza ili yamtoshe.

Nikachukua simu yangu. Kwa mara ya kwanza, nikawasha tochi, nikaweka yai moja juu ya mwanga.

Mwanga ulipita wote. Yai zima likawaka jeupe.

Mimi ndiye niliyemwaga mayai kwenye mtaro. Mimi ndiye niliyemfanya ndege wangu atage tena mpaka akafa. Niliona aibu, wapendwa, aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

"Mbona hukuniambia, Dishon?"

"Siku ile ya scan niliona uso wako yule mama aliyekupima akisema hakuna mapigo ya moyo. Mimi nilikuwa nimekushika mkono. Sasa niwe mimi wa kukuletea maneno kama hayo tena? Nilishindwa."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

"Na zile nguo za mtoto... ni mimi. Nilizitoa kabla urudi, nikampelekea mama yangu. Nilidhani nakusaidia. Lakini mwaka mzima nimekuona ukizunguka hii nyumba unatafuta pa kulilia, hupati. Nilikuondolea kiota ukiwa bado umekikalia. Kwa hawa ndege sikutaka kurudia."

Nililia. Sikulia kama mtu aliyepoteza ndege. Nililia kilio cha mwaka jana, chote, kwa sauti, mpaka Jecinta akaingia bila kubisha hodi, akaketi sakafuni na mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Dishon alichemsha yale mayai mapya. Safari hii nilimshikia sufuria. Tukayapoza, tukayarudisha chini ya yule jike aliyebaki. Bado ameyakalia mpaka leo ninapoandika. Hatumharakishi.

Wapendwa, mtu akifiwa, msikimbilie kumfagilia nyumba. Msimwambie atapata mwingine. Mwacheni akae na alichopoteza. Ataamka mwenyewe siku yake ikifika. Na wewe uliye na ukweli mchungu kwa mtu wako, mwambie. Ukimya wa huruma nao huua.

Jumapili tulienda kwa mama mkwe tukaomba zile nguo. Alikuwa amezifua, amezikunja, hakuwa amempa mtu. Tukiwa hapo sebuleni, Dishon akashika soksi moja, akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniuliza.

"Ulikuwa umepanga kumwita nani?"

Nikamwambia.