Lango Lililoachwa Bila Kubanwa

Kila umeme ulipokatwa kwa mgao mjini Polokwane, lango la kina Mokgadi liligoma. Betri yake ilikuwa imechoka tangu majira ya baridi, kwa hiyo Mzee Mabasa, mtunza bustani, alilifungua kwa mkono. Alifungua kifuniko cha mota kwa ufunguo mdogo, akavuta mkono wa chuma uliokuwa ndani, kisha akalisukuma lango juu ya reli yake.

"Ukishalifunga, rudisha huu mkono mpaka usikie lango linabana," alimwambia Mokgadi. "Usipourudisha, utadhani limefungwa, kumbe hata mtoto mdogo atalisukuma."

Jumamosi moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Mzee Mabasa alimfungulia Mama, aliyekuwa akimpelekea bibi harusi gauni alilomshonea, akafunga, akalibana lango. Mchana, alipokuwa nyuma ya nyumba akila ugali wake wa mahindi, Lesego, rafiki yake Mokgadi, aliita kutoka barabarani.

"We Mokgadi! Magwinya yametoka sasa hivi, ya moto! Au unamwogopa mama'ko?"

Mokgadi alichukua ufunguo jikoni, akafungua, akatoka, akalivuta lango mpaka mwisho, akaliacha hivyo hivyo bila kuurudisha ule mkono wa chuma. Wakatimua mbio dukani kununua yale maandazi.

Aliporudi, lango lilikuwa wazi. Chumba cha kushonea kilikuwa kitupu. Cherehani zote mbili za Mama hazikuwapo.

Alilibana lango, akarudisha ufunguo msumarini jikoni. Mama aliporudi na kuuliza, alijibu, "Nilikuwa nimelala. Sikusikia kitu."

Mama akamgeukia Mzee Mabasa. "Ni wewe uliyenifungulia asubuhi."

"Nililibana, mama. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Basi wezi wameruka kama ndege? Cherehani ndizo zinazotulisha humu! Miaka kumi na moja nimekuamini, mzee. Kusanya vitu vyako."

Mzee alimtazama Mokgadi, kana kwamba anangoja kitu. Mokgadi akainamia viatu vyake.

Siku tisa zilipita. Umeme ukakatika tena wakati Mama akitaka kutoka. Alihangaika na mota, akachubua vidole, asiweze. Kwa kuona vile, Mokgadi aliingiza mkono, akavuta kile chuma, akalisukuma lango. Mara moja tu.

Mama aliuliza, "Umejua lini kulifungua?"

Mokgadi angeweza kudanganya tena, lakini safari hii hakuweza. Akasema yote: magwinya, lango, usingizi wa uongo. Mama hakumpiga. Alimwambia tu, "Panda gari."

Walimkuta Mzee Mabasa nje ya nyumba yake huko Seshego, kitongoji cha jirani, amekaa juu ya kreti. Mokgadi alipiga magoti, akaeleza huku akilia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini hapa mtaani watoto wananiita Mzee Cherehani. Na kuna nyumba iliyotaka kuniajiri, wenyewe wakampigia mama yako simu kumuuliza mimi ni mtu wa namna gani."

Mama alifunika uso. "Niliwaambia ni mwizi. Nisamehe, baba. Nitawapigia leo. Na kwangu, rudi kesho."

"Wapigie. Kwako sirudi, mama. Kikipotea kijiko, utanitazama mimi kwanza."

Mama alipiga simu pale pale, akasema kosa lilikuwa la nyumba yake. Wale watu walikuwa wameshamwajiri mtu mwingine. Mama akapita kwa majirani wa mzee, mlango kwa mlango, Mokgadi akirudia maneno yale yale mbele ya kila mmoja, hata mbele ya wale watoto. Mwezi uliofuata Mzee Mabasa alipata kibarua shuleni, mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi.

Jioni ya siku ile waliyokwenda Seshego, wakirudi garini, Mokgadi aliuliza, "Mama, kusahau ni kosa kubwa hivyo?"

"Kusahau ni kwa kila mtu," Mama alijibu bila kumtazama. "Ungesema siku ile ile, tungelilia cherehani tu. Ulinyamaza, na mimi nikahukumu bila kuuliza vizuri. Ukikosa, mwanangu, sema mapema, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako. Cherehani tutanunua. Mzee Mabasa hatutampata tena."