Venusi wa Siyu

Zama zile Wareno walipoishika Mombasa kwa mizinga, Siyu ilikuwa na fundi mmoja wa kuchonga milango, Shee Mataka, ambaye patasi mkononi mwake ilikuwa ikicheza. Sifa zilimponza. Siku askari waliposhuka Siyu kuadhibu mji kwa kukataa kodi, walimkamata wakamfungia ngomeni Mombasa.

Kapiteni Gaspari akamwekea mezani karatasi zilizopigwa chapa Ulaya: miungu ya Warumi wa kale. Neptuni na mkuki wake wa ncha tatu, Marsi na ngao, na Venusi, mungu wa kike wa mapenzi, amesimama juu ya kombe la bahari, hana hata uzi mwilini.

"Wachonge wote kwenye sanduku langu," alisema kapiteni. "Wakinipendeza, utarudi kwenu. Wasiponipendeza, merikebu inaondoka kwenda Goa, ng'ambo ya bahari, nawe umo."

Neptuni akatoka, ndevu zinamwagika. Marsi akatoka. Kwa Venusi, Shee alianza na uso, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Mkono una yake! Alipopuliza vumbi la mbao, aliyemtazama hakuwa mungu wa Kirumi. Alikuwa Mwana Msuo, mkewe, na kishimo chake cha shavuni. Maskini, alikuwa amemkumbuka mno. Tangu hapo patasi ikagoma kushuka chini ya shingo.

Mwana Msuo mwenyewe akafika, amevuka maji na nchi kavu, bakuli la halua mkononi. Walinzi walipomruhusu kuingia, alilitazama sanduku, akaitazama na ile karatasi.

"Lo! Shee! Ndiyo unataka kunianika hivi mbele ya Wareno?"

"Wallahi mke wangu, nimeshindwa. Na merikebu inatweka kesho."

Mwana Msuo akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akajitanda vizuri shuka yake ya hariri na kusimama wima. "Haya, nivishe. Usinisahaulie kipini cha pua."

Asubuhi kapiteni alipoona, uso ulimwiva. "Nani amemvisha Venusi wangu?"

Shee alisimama mbele ya sanduku, akajibu. "Bwana, huyo ni mke wangu. Nipeleke Goa ukitaka. Nguo sitamvua."

Kapiteni akamtazama yule wa ubaoni, akamtazama aliyesimama mlangoni ameshika bakuli. Akakaa kitako, akaangua kicheko cha mtu aliye mbali na kwao.

"Ng'oa ubao huo uende nao," alisema. "Mke wa mtu hasafiri na mimi. Hiyo halua iacheni."

Historia imeyahifadhi majina ya makapiteni na idadi ya mizinga yao. Ule ubao haikuutaja. Ulitundikwa chumbani kwao Siyu, mpaka mchwa walipoumaliza. Na kila Shee alipomuudhi mkewe, alikuta Venusi amegeuziwa uso ukutani. Hapo alijua la kufanya: alirudi sokoni, akanunua halua.