Uzi wa Rangi ya Rozela

Mnada wa samaki ulikuwa umepamba moto pale sokoni Bagamoyo, na kila kiumbe kilikuwa kikipiga kelele ila kolekole waliolazwa mezani. Najim alikuwa ametumwa na mama yake kununua changu. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Dunda, kijana mwembamba, nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Ukosini mwa shati hilo, siku zote, ilichomekwa sindano yenye uzi.

Katikati ya makelele akasikia nguo ikichanika. Fundi huisikia sauti hiyo hata kwenye ngoma.

Koti jeupe la msichana mmoja lilikuwa limenaswa na msumari wa meza ya mnada. Msichana alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, miguuni kavaa buti za mpira, na kifuani amekumbatia ndoo ya chaza kama mtu aliyepakata mtoto.

"Usivute!" Najim alipaza sauti. "Ukivuta utaondoka na ukosi peke yake."

"Kwani wewe nani, kaka? Mwenye msumari?"

"Mwenye sindano."

Msichana akamtazama, akaitazama na ile sindano, akatua ndoo. Najim akaunasua mfuko wa koti, akaanza kuushona palepale, watu wakiwapita huku na huku na makapu yao.

"Simama wima. Na usicheke, nitakudunga."

"Nani anayecheka?"

"Mabega yako."

Hapo akacheka kweli. Jina lake Adila, mwenyeji wa Miono, mwanafunzi wa shahada ya pili jijini, na sasa amepanga chumba Dunda kwa Bimdogo, mama mmoja anayeuza barazani kwake juisi ya rozela, nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia zambarau.

"Na chaza wote hawa unawakaanga?"

"Nawapasua, natafuta plastiki. Si mifuko, la. Vijipande na vijiuzi vidogo kuliko punje ya chumvi. Vinatoka kwenye kamba za wavuvi, kwenye chupa, kwenye nguo zetu tukifua. Vimefika mpaka kwenye barafu ya ncha ya kusini ya dunia, ambako hakuna hata duka la nguo."

"Sasa vimefikaje huko?"

"Bahari ni moja, fundi."

Akamweleza kwamba kazi yake ikiwa safi, mwisho wa mwaka atapanda meli ya utafiti kwenda huko barafuni. Nafasi ilikuwa moja tu, na tangu yuko shule ya msingi Miono alikuwa akiitamani safari ya namna hiyo. Najim akakata uzi kwa meno. Siku ile alirudi nyumbani amesahau changu.

Mapenzi yao yalikua kwenye baraza ya Bimdogo, gilasi mbili za rozela katikati yao, na yalipokosa baraza yakahamia kwenye simu.

"Haloo, Daktari wa Chaza. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe fundi wangu, umeshona au umekaa unaniwaza?"

"Nimeshona huku nakuwaza. Ndiyo maana suruali ya watu imetoka ndefu."

Sikukuu ya Idi ilipokaribia, Najim alimshonea mtandio wa kijani kibichi kama bawa la kasuku, kitambaa cha poliesta kinachoteleza kama maji, na pembeni akauchambulia matamvua kwa mkono wake mwenyewe. Adila alipojitanda, Bimdogo alipiga kigelegele akamwaga juisi. Tangu siku hiyo mtandio haukumtoka kichwani, akienda ufukweni, akienda sokoni, hata akiinamia hadubini, ile mashine yake ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho.

"Nikiuvaa nakuwa na wewe," alimwambia, na Najim akalala na maneno hayo kama mtu aliyelala na fedha chini ya mto.

Kisha ghafla Adila akapoa. Simu zikawa hazipokelewi, na zikipokelewa, majibu mafupi: nimechoka, nina kazi, tutaongea. Najim akavumilia, akachoka kuvumilia, akaenda kwa Bimdogo.

"Shikamoo, Bimdogo."

"Marahaba, mwanangu. Adila hayupo." Bimdogo akaangalia kushoto na kulia. "Mimi simo, eti. Lakini nilipoingia kufagia chumbani kwake, mtandio wako nimeuona umeshindiliwa ndani ya chupa ya achari, na kifuniko kimekazwa."

Damu ikampanda. Akampigia palepale njiani.

"Haloo, mpenzi," Adila akaitika, sauti imechoka.

"Mpenzi wa wapi? Mtu na akili zake anamtia mpenzi wake kwenye chupa ya achari?"

"Bimdogo kakwambia."

"Kama kazi ya mkono wangu inakunukia vibaya, si ungenirudishia?"

"Najim, si hivyo. Nimeshindwa tu nianzie wapi..."

"Msomi akose maneno! Basi mimi wa cherehani nimekuelewa bila maneno." Akakata simu, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshajuta, lakini majuto ya mtu mwenye kiburi hayana mdomo.

Zikafuata siku za kushona ovyo. Mama yake, Bi Mwanahija, alivumilia mpaka alipoiona kanzu moja.

"Mwanangu, ukitaka kugombana na wachumba gombana nao. Lakini Mzee Abdala amekukosea nini hata umtie mfuko mgongoni?"

Asubuhi moja Najim alikuwa amemaliza kufagia duka, vipande na nyuzi amevisukumia kwenye mtaro wa mvua kama alivyofanya kila siku, alipomwona Adila mlangoni. Alivaa gauni la zamani, macho yamevimba, na mikononi alibeba hadubini iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Bi Mwanahija.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nakwenda sokoni," akajibu yule mama, wala hakuwa na safari ya soko.

Adila akaiweka hadubini juu ya meza ya cherehani, akaipachikia kigae cha kioo. "Usiseme kitu. Tazama."

Najim akainama. Mle ndani aliona uzi mnene kama kamba ya nanga, wa kijani, unaong'aa, umejisokota. Mzazi hapotezi sura ya mwanawe.

"Huu wangu."

"Wako. Umo kwenye chaza wa Mbegani. Umo kwenye maji ya mdomo wa mto Ruvu. Na umo kwenye sahani ya maji safi, ambayo tunaiacha wazi pembeni kama shahidi, haitakiwi kuwa na kitu. Kila nilipoinama, matamvua yalikuwa yanadondosha nyuzi. Dokta Medard, msimamizi wangu, kasema kazi yote itupwe. Nianze upya niimalize kabla ya safari, la sivyo nafasi ya meli apewe mwingine."

Najim akakaa kwenye kigoda. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie zawadi yako ndiyo imeniharibia? Na kosa si lako. Sisi wa kazi hii tunavaa pamba tupu, sheria naijua. Niliivunja kwa sababu nilitaka kukuvaa." Akafuta jicho kwa kiganja. "Nikautia kwenye chupa usiendelee kudondosha. Sikuutupa, Najim. Kitu usichokipenda unakitupa, hukikazii kifuniko."

Maneno hayo yakamwingia fundi mpaka kwenye mfupa. Akatazama sakafu aliyoifagia, akatazama mtaro.

"Na vile ninavyofagilia kule?"

"Navyo vinakwenda baharini."

Najim akatoka nje, akapiga magoti kwenye mtaro na suruali yake ya pasi, akaokota kilichookoteka. Aliporudi, mikono imejaa vitambaa vyenye tope, akauliza, "Kazi yako inataka nguo gani?"

"Pamba tupu, mpaka uzi wa kushonea. Na rangi ambayo siikuti majini, ili uzi wangu ukianguka niujue ni wangu niutoe."

"Rangi gani hiyo?"

"Bluu imejaa, ya kamba. Nyeusi, nyekundu, kijani, nyeupe, zote nimeziona." Akafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu. "Sijawahi kuona rangi ya rozela."

Najim akafunga duka akaenda Kariakoo. Wauzaji wote walimwapia kuwa vitambaa vyao ni pamba, naye akawa anachomoa uzi mmoja mmoja na kuuwashia kiberiti, maana pamba huungua ikawa majivu, na poliesta huyeyuka ikawa tone. Muuzaji mmoja akamuuliza kama alikuja kununua duka au kulichoma. Jioni akarudi na jora la pamba halisi, rangi ya rozela iliyokolea. Akashona koti, akashona mtandio usio na tamvua hata moja, pindo limekunjwa mara mbili.

Adila akaanza upya, chaza kwa chaza, chupa kwa chupa. Safari hii sahani ya shahidi ilidondokewa na uzi mmoja wa rozela, akautambua, akautoa. Dokta Medard akatia sahihi.

Siku ya kuagana walikaa barazani kwa Bimdogo.

"Nitatuma wazee Miono," Najim akasema, akiitazama gilasi yake.

"Lini?"

"Ukiwa huko barafuni. Baba yako akinikataa, sitaki nikuone uso."

"Atawauliza kijana anafanya kazi gani."

"Watasema fundi cherehani."

"Waseme fundi aliyemvisha binti yake kwenda mwisho wa dunia. Na ole wako ukinitumia posa halafu umshonee baba mfuko mgongoni."

Wiki zikapita. Simu ya melini ilipokuja, sauti ya Adila ilikuwa inachelewa kidogo, kama mtu anayepanda ngazi.

"Fundi wangu, kila kitu hapa cheupe mpaka macho yanauma. Leo tumechuja maji ya baharini. Nimekuta uzi wa rozela."

"Kumbe nimefika."

"Umefika. Nimekutoa kwenye hesabu, ndiyo sheria. Lakini kulikuwa na nyuzi za bluu, na nyeusi, ambazo hakuna mtu melini aliyezivaa. Zilitutangulia. Zangu nilijua za kuzitoa. Zile hazina mwenyewe."

Najim akatazama gunia lililokuwa pembeni ya cherehani, ambamo sasa kila kipande na kila uzi wa duka uliingia. Mtaro ulikuwa mtupu.

"Na wangu umeuweka wapi?"

"Kwenye chupa."

"Adila! Usiniambie ya achari."

Kicheko kilichelewa njiani, kisha kikafika chote kwa pamoja.

"Wazee wamerudi kutoka Miono?" akauliza, na sasa hakuwa anacheka.

"Wamerudi."

"Najim, usinitese. Baba kasemaje?"

Najim akalipapasa gunia. Vipande vyake havikuwa tena vya kutupa. Mama yake alikuwa ameshachukua nusu, akavijaza kwenye foronya mpya za pamba na kuzishona midomo.

"Mama ametengeneza mito miwili," akasema. "Vichwa vya kuilalia vimekubaliwa vyote, ila kimoja bado kipo barafuni."