Kichina cha Kunakili

Siku waliyokutana, watu walikuwa wanampiga mwizi wa simu nje ya kibanda cha Fundi wa kompyuta. Jengo zima la maduka lilikuwa limejazana pale, kila mtu anataka kutia teke lake, hata muuza manukato ambaye hajaibiwa kitu tangu azaliwe. Katika msukumano huo akaingia dada mmoja kinyumenyume, blauzi ya manjano, sketi nyeusi iliyomkaa sawasawa, kompyuta kaikumbatia kifuani.

"Samahani kaka, najificha kidogo."

"Jifiche hata mwaka mzima. Na hiyo kompyuta, inaumwa?"

"Haiumwi. Haijui Kichina tu."

"Hata mimi sikijui."

"Basi nyote wawili mnahitaji fundi."

Fundi akacheka mpaka akasahau kelele za nje. Dada huyo alikuwa mkalimani katika kiwanda cha vigae. Bosi anafoka kwa Kichina, yeye anafoka upya kwa Kiswahili. Alitaka programu ya kuandikia: unabonyeza herufi za kawaida, alama za Kichina zinajipanga chini, unachagua yako. Fundi hakuwa ameiweka hata siku moja, lakini mbele ya blauzi ile nani angekiri? Mezani palikuwa na kompyuta ya Mama Mapazia, mfanyabiashara wa mapazia, yenye programu hiyohiyo. Akanakili folda nzima kwenye flashi, akaihamishia kwa Mkalimani, ikakubali. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Kilichokubali pale, kitakubali na hapa.

"Nipe namba yako," Mkalimani alisema.

"Ya kazi au ya moyo?"

"Ya kazi. Ya moyo tutaona mtandao ukishika."

Ukashika. Simu zikawa hazikatiki. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula matusi ya bosi, nimeshiba." Wakapendana mpaka majirani wakachoka. Kaka yake Mkalimani, dereva wa lori mwenye mabega kama kabati, akakubali posa iletwe Jumamosi. Alimvuta Fundi pembeni na kumwambia kitu kimoja tu: "Mume wake wa kwanza alimvunja mkono. Wewe ukimgusa, sitaita polisi."

"Shemeji, mimi? Nife kwanza!"

Alhamisi mchana Mkalimani akaleta kompyuta isafishwe vumbi, akatoka kununua maji. Fundi alipomaliza akabonyeza herufi moja, kujaribu kibodi. Alama zikamwagika chini. Alikwisha kuambiwa kwamba programu ile hukumbuka maneno unayoyaandika mara kwa mara, ikayatanguliza. Kwa udadisi akazipiga picha kwa simu, simu ikamtafsiria: *Mume wangu, nimekukumbuka, njoo.*

Akabonyeza tena. Yakaja yaleyale. Mkalimani aliporudi na chupa mbili za maji, alimkuta amesimama.

"Mume wako ni nani?"

"Si wewe, Jumamosi?"

"Nakuuliza wa Kichina!"

"Wa Kichina yupi? Mpenzi, mbona unanifokea?" Akainamia kioo, akakunja uso. "Haya sijayaandika mimi."

"Imejiandikia yenyewe?"

"Ngoja nitazame vizuri..."

Hakungoja. Ngumi ya kwanza ilipasua kioo cha kompyuta. Ya pili ikampata Mkalimani mdomoni. Alianguka kwenye rafu ya nyaya, damu ikatiririka kwenye blauzi, na watu walewale waliompiga mwizi wakasimama mlangoni wanatazama. Hakulia. Aliinuka, akapita katikati yao, akaenda zake.

Jua halijazama, lori likasimama nje. Kaka mtu hakusalimia. Alimtoa Fundi kibandani kwa ukosi, akambamiza ukutani, akampiga mpaka jicho likafumba na mbavu zikalia. Fundi hakujitetea. Aliamini kwamba ameonewa, na uchungu huo ulimuuma kuliko mbavu.

Asubuhi Mama Mapazia akaja kuchukua kompyuta yake, aliyoileta tena juzi kutengenezwa. "Mungu wangu, umegongwa na gari?" Akaketi, akabonyeza herufi moja kuona kama inaandika, akacheka peke yake kama msichana. "Hayo ya baba watoto wangu hayo, yuko kwao Uchina. Namwandikia kila siku mpaka mashine imeyashika."

Fundi aliinama, akatazama kwa jicho lake moja. Alama zilezile, kwa mpangilio uleule. Alikuwa amenakili folda nzima, pamoja na mapenzi ya watu. Akaketi sakafuni palepale, mbele ya mteja.

Alikwenda kwa kina Mkalimani akichechemea, kompyuta yake mwenyewe mkononi iwe badala ya ile aliyoivunja. Aliyefungua mlango ni Mkalimani, mdomo umeshonwa nyuzi. Fundi akaeleza yote, machozi yanamtoka bila aibu.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Kosa lilikuwa la kunakili. Nilichukua maneno ya mwenzio nikakubandika wewe."

Mkalimani alimsikiliza mpaka mwisho. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtisha.

"Maneno uliyanakili kwa Mama Mapazia. Nimekubali," alisema polepole, kwa sababu ya nyuzi. "Na ile ngumi, uliinakili kwa nani?"

Fundi akamnyooshea kompyuta aliyoileta. Mkalimani alimpa muda, kwa kweli alimpa, akimtazama usoni. Kisha akarudisha mlango taratibu, na Fundi akasikia komeo likisukumwa.